Shangazi, mashine inasema nina mafuta asilimia 22 na kocha anataka 10

Shangazi shikamoo. Naomba usiweke jina langu wala jina la kambi yetu maana huku Arusha wakimbiaji tunajuana wote, ukitaja mtaa tu watu washajua ni nani. Mimi nina miaka 20, kwetu ni Mbulu, nilianza kukimbia shule ya msingi baadae nikaenda UMISSETA, nilivyomaliza form four kuna kocha akaniona akasema njoo Arusha utafika mbali, ndo nikaja, sasa ni mwaka wa pili. Tunakaa wasichana wanne chumba kimoja na kocha ndo anatulipia kodi na unga. Nakimbia mita 5000 na 10,000, na mbio za barabarani zikitokea zenye hela.

Shida ilianza mwezi wa pili, kuna mfadhili alituletea viatu pamoja na mzani ule wa kusimama peku, unakanyaga vile vyuma inakwambia kilo, mafuta, misuli, maji mpaka umri wa mwili. Kocha alifurahi sana akasema sasa tunafanya kazi kisasa. Kila Jumamosi tukitoka mbio ndefu, kabla hata hujanywa maji, tunapanga foleni anatupima mmoja mmoja, anasoma kwa sauti alafu anaandika kwenye karatasi kubwa aliyobandika ukutani pale tunapolia chakula. Siku ya kwanza nilikuwa kilo 50, mafuta asilimia 22.4, wa mwisho kambi nzima. Urefu wangu ni sentimita 162. Kocha akasema mbele ya watu wote, wanaoshinda huko Ulaya wana asilimia 10 wewe umebeba ndoo ya mafuta unataka ushindane na nani. Watu wakacheka na mimi nikacheka, usiku nikalia.

Basi nikaacha chakula cha usiku kabisa. Asubuhi chai ya rangi na slesi mbili, mchana ugali kidogo sana na mboga za majani, jioni naenda kulala mapema ili nisisikie wenzangu wanavyokula. Mwezi wa nne siku zangu zikakata, mpaka leo ni miezi minne sijaziona, na shangazi sina mwanaume, nimepima mara mbili sina mimba. Kocha alipoambiwa na mwenzangu akasema hiyo ndo dalili mwili umeanza kuwa wa mwanariadha, wakimbiaji wakubwa wote wako hivyo. Rafiki yangu mwingine ananiambia ninunue vidonge vya majira duka la dawa zitarudi.

Juzi nimepima nina kilo 45.5 na mafuta asilimia 21. Yaani nimepungua kilo nne na nusu zote hizo na mafuta yamepungua moja na kitu tu??? Nilichoka. Nikaenda gym moja mjini jioni ile ile nikalipa buku mbili wakanipima kwenye mashine yao ya kushika na mikono, ikasema 17.8. Sasa nani mkweli hapo? Na mbio zenyewe zinarudi nyuma, mwaka jana mita 5000 nilikimbia dakika 16 na sekunde 24, mwezi uliopita 17 na sekunde 2, kocha anasema ni kwa sababu bado mzito.

Kuna kitu kingine, kocha msaidizi ana kibanio cha plastiki cha kupimia mafuta, anatubana tumboni na mapajani, yeye ni mwanaume na anatupimia chumbani kwake, hajanifanya kitu ila sipendi, naona aibu kusema. Na mguu wa kulia kwa mbele kwenye mfupa kuna sehemu moja nikigusa na kidole nashtuka, zamani ilikuwa nikikimbia tu sasa hata nikilala inauma. Sijamwambia mtu maana mwezi wa kumi kuna mbio kubwa na nikikosa sijui kama nitaendelea kukaa hapa.

Kinachoniumiza zaidi, ninayelala nae kitanda kimoja ana miaka 16, ameniona mimi na yeye ameacha kula usiku.

Shangazi nisaidie, nifanyaje nifike asilimia 10 bila kuishiwa nguvu? Na nitumie mashine gani ya kuamini?

Mkimbiaji, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako mara tatu, nikaiacha nikaenda kupika nikarudi nikaisoma tena, maana mimi nilikimbia mita 1500 nikiwa na umri wako na baadae kazi yangu ikawa hii hii ya kupima wanamichezo, kwa hiyo vitu ulivyoandika navijua kwa mikono yangu. Umeniuliza maswali mawili ila naona kuna jambo moja haliwezi kusubiri nimalize maelezo, nalitanguliza.

Huo mguu. Kesho usikimbie. Sisemi ukimbie taratibu, nasema usikimbie kabisa mpaka daktari auone. Mfupa unaouma sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, ulianza kuuma kwenye mbio tu sasa unauma hata umelala, kwa msichana asiyekula na asiyeona siku zake, hiyo inanukia ufa kwenye mfupa. Nenda hospitali ya rufaa, na ukifika useme yote mawili kwa pamoja, mguu na hedhi, usiseme mguu peke yake ukaishia kupewa dawa ya maumivu. Alafu ujue eksirei ya mwanzoni mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii, inaweza kutoka safi na mfupa una tatizo, kipimo cha MRI, ile mashine kubwa ya sumaku, ndo kinaona mapema, kwa hiyo wakikwambia eksirei haina kitu na bado inauma usirudi barabarani, uliza hatua inayofuata. Mwezi wa kumi uache. Ufa wa wiki chache ukiukimbilia unaweza kuvunjika kabisa na hapo hatuongelei tena mwezi wa kumi, tunaongelea mwaka mzima.

Sasa nije kwenye mashine.

Mwanangu, hakuna mashine duniani inayopima mafuta ya mtu aliye hai moja kwa moja. Njia pekee ya kuyapima kweli kweli ni kumpasua maiti ukayatenga ukayaweka kwenye mizani. Zote zilizobaki zinapima kitu kingine alafu zinakisia. Huo mzani wenu wa kukanyaga unapitisha umeme mdogo sana, unaingia mguu mmoja unatokea mwingine, mwili wenye maji unapitisha umeme vizuri na mafuta yanauzuia, basi mashine inaangalia umeme umepata shida kiasi gani, inachanganya na urefu, umri na jinsia uliyoingiza, inapiga hesabu iliyowekwa na kiwanda, inatoa namba yenye nukta ili ionekane ya kisayansi. Na kwa kuwa umeme unapita miguuni tu, tumbo, mgongo na mikono yako haijavigusa kabisa, imekisia. Ile ya gym ya kushika ni kinyume chake, imepita mikononi ikakisia miguu.

Unaona basi kwa nini zimegombana? Kocha anakupima umetoka mbio ndefu, umetoka jasho, hujanywa maji. Mwili uliokauka maji unazuia umeme, mashine inasema aah huyu ana mafuta. Jioni ulikuwa umeshakunywa na kula kidogo, na mashine ni nyingine na hesabu nyingine. Hapo hakuna mkweli. Tofauti ya asilimia tatu au nne hata kwenye vipimo vizuri ni ya kawaida, ndo maana mtu anayeijua kazi hii hawezi kukushushua kwa ajili ya nukta nne.

Ila hebu tuchukue namba za kocha kama zilivyo, tufanye ni za kweli. Kilo 50 kwa asilimia 22.4 ni mafuta kilo 11.2, kilichobaki, yaani misuli, mifupa, maji na vyote vingine, ni kilo 38.8. Leo kilo 45.5 kwa asilimia 21 ni mafuta kilo 9.6 na kilichobaki ni 35.9. Kwa hiyo katika zile kilo nne na nusu mafuta ni kilo moja na nusu hivi, karibu kilo tatu zimetoka kwenye misuli na maji. Umelala njaa miezi yote hiyo na kikubwa ulichopunguza ni injini. Ndo hizo sekunde 38 ulizopoteza kwenye mita 5000, sio uzito. Na hiyo asilimia 10 anayoitaka, ukibaki na zile 38.8 ulizokuwa nazo mwanzo ina maana uwe na kilo 43, kwa urefu wako BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakuwa 16.4, wakati chini ya 18.5 tayari mtu anahesabiwa ana uzito pungufu. Sasa hivi uko 17.3.

Mwili wa mwanamke una mafuta ambayo sio akiba ya kuchoma, yako kwenye uboho, kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, kwenye matiti, ni sehemu ya mwili kama ini lilivyo. Vitabu vya fani yetu huwa vinakadiria kama asilimia 12 kwa mwanamke na 3 kwa mwanaume. Kocha anapokwambia 10 anakuambia ukate na visivyokatwa.

Nikupe kisa kimoja ambacho huwa nawaambia makocha wote ninaokutana nao. Mwaka 1997 Marekani wacheza mieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache, wote walikuwa wanajikausha kupunguza uzito ili waingie daraja la chini, mazoezi na nguo za mpira, joto, bila maji. Baada ya hapo chama cha michezo ya vyuo kikabadilisha sheria, mchezaji anapimwa mwanzo wa msimu akiwa na maji mwilini, mkojo unapimwa kwanza kuhakikisha, alafu inapigwa hesabu ya uzito wa chini kabisa anaoruhusiwa, kwa wanaume ule wa mafuta asilimia 5, na hata kushuka kufika hapo asizidishe asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Shule za sekondari za huko nazo zikaweka yao, wavulana 7 na wasichana 12. Umeona walivyoitumia? Kipimo kilekile anachokitumia kocha wako kukushusha wao wameweka sakafu, kwamba hapa chini haupiti hata ukitaka. Na wewe umepangiwa kuishi chini ya sakafu.

Kocha wako hajadanganya kila kitu, nisimwonee. Ni kweli mbio ndefu zinampenda mtu mwepesi, kila hatua unajibeba mwenyewe, na ukiwatazama wanaoingia fainali wamefanana maumbo. Ila wamefanana kwa sababu miili ya namna hiyo ndo ilichaguliwa na mbio yenyewe kwa miaka, sio kwamba mtu alichukua mwili mwingine akaunyima chakula ukageuka ule. Wewe siku ya kwanza kwenye mzani ulipokuwa na kilo 50 kwa sentimita 162 BMI yako ilikuwa 19, huo ni mwili wa mkimbiaji tayari, kocha aliuona akiwa na akili zake timamu ndo maana akakuita.

Na kilo peke yake nazo zinadanganya toka zamani. Mwaka 1942 daktari mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, yeye na mwenzake walipima wachezaji 25 wa futiboli ya kule, kwa jedwali la uzito la jeshi 17 kati yao walitakiwa kukataliwa kwamba wamenenepa, walipowapima kwa kuwazamisha kwenye maji ikaonekana ule uzito ni misuli. Kipimo cha mafuta kilianza kupata umaarufu kwa kuwatetea wanamichezo dhidi ya mzani, na inaniuma sana kuona leo kinavyotumika kuwapiga.

Ukiniuliza njia ipi nzuri, nakujibu kwanza kwamba kwa hali yako leo hakuna ya kupima, unapimwa hospitali basi. Siku ukiwa mzima, siku zimerudi, mfupa umepona, ukitaka kujua mwili unaendaje, mimi napenda mikunjo ya ngozi inayopimwa na mtu aliyefundishwa. Sio kubana tumbo. Kuna sehemu nane zinazojulikana, nyuma ya mkono, mbele ya mkono, chini ya mfupa wa bega mgongoni, juu ya nyonga sehemu mbili, tumbo, paja na ndani ya muundi, upande wa kulia, zinapimwa kwa rula na kuwekwa alama na kalamu kwanza, unashika mkunjo kwa dole gumba na cha shahada, kalipa, yaani kile kibanio, inawekwa sentimita moja pembeni ya vidole, unahesabu sekunde mbili unasoma, unarudia tena zote nane. Alafu zinajumlishwa kwa milimita na hapo hapo unaishia. Hubadilishi kuwa asilimia. Maana ukitaka asilimia unaingia kwenye fomula za watu wengine, moja maarufu ya mwaka 1974 ilitengenezwa kwa kupima watu 481 wa Scotland wa miaka 16 mpaka 72, nawaheshimu sana waliofanya ile kazi, lakini hakuna aliyekuwa binti wa Mbulu anayekimbia kilomita 120 kwa wiki. Milimita zako unazilinganisha na milimita zako mwenyewe za miezi mitatu iliyopita, mpimaji yule yule, asubuhi, kabla ya mazoezi, hujakauka. Kila Jumamosi ni upuuzi, mwili haubadiliki mafuta kwa wiki kiasi cha kuonekana, unachokiona ni maji yanayoingia na kutoka.

Hata ile mashine kubwa ya hospitali inayotumia mionzi ya eksirei ya aina mbili, inayoitwa deksa, ambayo wengi wanaiona ndo mwisho wa mambo, nayo inabadilika ukila au ukinywa kabla. Ila hiyo ina faida moja kwako, inapima uimara wa mifupa, na daktari akisema ufanyiwe kwa ajili ya mifupa kubali, ile namba ya mafuta mwambie asikutajie.

Hili la kupimiwa chumbani kwa mwanaume, nisikilize vizuri. Huna haja ya kusubiri akufanye kitu ndo iwe kosa. Kupimwa ngozi ni kushikwa mwili, kunafanywa kwa ruhusa yako, mahali pa staha, kuna mtu mwingine unayemwamini pembeni, na ikiwezekana mpimaji awe mwanamke. Ukisema hapana ni hapana na hupaswi kuadhibiwa. Mimi nimepima wanaume wengi na hata siku moja sijampima akiwa peke yake na mimi mlango umefungwa, hao ni wanaume wazima, sembuse ninyi. Kuanzia leo usiende chumbani kwake, na wenzako msiende, akiuliza mwambie shangazi kasema tupimiwe mbele ya mama au dada mkubwa. Akikasirika kwa hilo utakuwa umejua kitu muhimu, na hapo uende ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi usione aibu, aibu sio yako.

Turudi kwenye siku zako. Kocha kasema ni dalili ya mwanariadha. Mwanangu, miezi mitatu bila hedhi ni sababu ya kumwona daktari, iwe unakimbia au unauza nyanya. Mwili wako umefanya hesabu, umeona chakula kinachoingia ukitoa kinachochomwa na mazoezi, kilichobaki hakitoshi kuendesha nyumba, basi umeanza kuzima taa vyumba ambavyo sio vya kukuweka hai leo, na uzazi ndo chumba cha kwanza. Ukizimwa, homoni ya estrojeni inashuka, na ndo inayolinda mifupa, na umri wako huu ndo mifupa bado inajijaza akiba ya maisha yote. Hedhi na mguu wako ni ugonjwa mmoja. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa toka 2014 imeupa jina, upungufu wa nishati kwenye michezo, na unawapata hata wanaume, wao hawana hedhi ya kuwashtua ndo maana wanachelewa kujua.

Nikupe hesabu yake uone nilivyoogopa. Watafiti wanasema ukitoa kalori za mazoezi, mwanamke anatakiwa abaki na kama 45 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta, ikishuka chini ya 30 homoni zinaanza kuyumba. Kukimbia kilomita moja kunachoma takriban kalori moja kwa kila kilo yako, kwa hiyo kilomita 20 kwa siku ni kama 900 kwako. Tuseme unakula 1,500, na kwa ulivyoniandikia sidhani kama zinafika, ukitoa 900 zinabaki 600, gawa kwa kilo 36 unapata kama 17. Kumi na saba! Ulipokuwa na kilo 50 ulihitaji kula kama 2,700 ili mwili uwe na raha. Wewe umekuwa ukiishi na nusu ya chakula chako unashangaa miguu haina nguvu.

Vidonge vya majira usinunue kwa ajili hii. Vitakutoa damu, ni kweli, kila mwezi utaona kitu kama hedhi, ila ni dawa imeitoa, mwili bado una njaa na mfupa bado haulindwi, alafu utakuwa umeifunika ile taa nyekundu pekee uliyokuwa nayo. Na daktari naye mwambie hujavinywa.

Dawa ni chakula na kupumzika, na najua ni rahisi mimi kusema, wewe umejifundisha kuogopa sahani miezi sita. Anza na usiku. Ugali wa kawaida kama mwanzo, maharage au dagaa, parachichi maana Arusha halina bei, asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa badala ya chai ya rangi, na kitu cha kula ndani ya nusu saa ukitoka mazoezini siku ukirudi, ndizi mbili na mtindi inatosha. Ugali usiuogope. Mwaka 2004 watafiti, akiwemo Mike Boit aliyechukua shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972, walichapisha utafiti wao wa chakula cha wakimbiaji wakubwa wa Kenya kambini, zaidi ya robo tatu ya kalori zao ilikuwa wanga, ugali peke yake karibu robo, na chai yao ilikuwa ya maziwa na sukari nyingi. Hao ndo mnaopigana nao. Kilo zitapanda, za kwanza zitapanda haraka maana ni maji na chakula, utatishika, nakuomba usipande mzani wakati huo, na siku zinaweza kuchukua miezi kurudi, usikate tamaa ukiona mwezi wa kwanza kimya.

Sasa kocha. Anakulipia kodi, najua, huwezi kwenda kumwambia kocha wewe hujui. Nenda na karatasi ya daktari mkononi, na uende na mtu, kama mama yuko Mbulu hawezi kuja basi mtafute mwanamke yeyote mkubwa kwenye riadha hapo mkoani, mchezaji wa zamani, mwalimu wa michezo, wapo. Mwambie hivi: kocha, daktari kaniona nimepungukiwa chakula mpaka mfupa umeumia, kasema nikila na kupumzika nitarudi kwenye muda wangu wa 16:24 na kuushusha, naomba unisaidie nirudi. Makocha wanaelewa lugha ya muda. Alafu muombe ile karatasi itoke ukutani. Mwaka 2019 binti wa Kimarekani, Mary Cain, aliyekuwa tishio akiwa na miaka 17, alisimama hadharani akaeleza jinsi alivyokuwa anapimwa uzito mbele ya wenzake na kuaibishwa, akapoteza hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Mwonyeshe kocha habari hiyo. Naamini makocha wengi wanaofanya hivi hawana roho mbaya, wamepewa mashine bila mtu wa kuwafundisha, na yeye pengine akijua ataacha. Asipoacha, mwanangu, rudi Mbulu ukapone kwa mama yako. Mlima wa kukimbilia upo huko pia.

Huyo mdogo wa miaka 16 hakutakiwa kupandishwa kwenye ule mzani hata siku moja. Wataalamu walioandika miongozo ya karibuni, ya 2023, wamesema chini ya miaka 18 mafuta hayapimwi isipokuwa daktari awe na sababu ya matibabu. Mwili wake bado unakua, unatakiwa kuongeza mafuta kwa umri ule, ndo unavyojengeka kuwa mwanamke, na mtu akiupigia kelele sasa hivi ataubeba woga huo mpaka uzee. Lakini kakuiga wewe, hakumuiga kocha. Kwa hiyo leo usiku kabla ya hospitali, kabla ya kocha, pikeni ugali mkubwa, kaa naye chini, wewe ndo uanze kumega. Umwambie ulikosea na kwamba na wewe ulidanganywa.

Ukitoka kwa daktari niandikie amesemaje kuhusu mguu.

Shangazi